Baada ya "that": Kiima Kimoja, Kisipungue Wala Kisizidi

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusahihisha ripoti, barua za maombi na tasnifu zilizoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao, kama mimi, walianza kusema kwa Kiswahili. Kabla sijagusa tahajia wala alama za uandishi, hutafuta kwanza kila "that" iliyomo katika andiko, kisha hutazama neno linaloifuata. Mahali hapo padogo ndipo sarufi ya Kiswahili hupenyeza mkono wake ndani ya Kiingereza bila mwandishi kutambua, na anayejua kupakagua vizuri hujiokoa na masahihisho mengi.

Chanzo chake ni umbo la kitenzi chetu. Katika sentensi "najua kwamba ameondoka", kiambishi a- kimekwisha kutaja mtendaji, na "yeye" tungeliongeza kwa ajili ya kusisitiza tu. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi kiima ndani yake. Kimebakiwa na -s ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, nayo haiwezi kusimama badala ya mtendaji. Kwa hiyo kishazi kinachofunguliwa na "that" kinahitaji kiima kilichosimama peke yake, na kiwe kimoja tu. Ushauri wangu wote unatokana na sharti hilo.

Wachache huandika "I know that has left", kwa sababu mtu akiwapo akilini kiwakilishi chake hukumbukwa. Upungufu hutokea pale ambapo hakuna mtu wala kitu kinachotajwa. Mwandishi anawaza "ripoti inasema kwamba ni vigumu kupata maji", kisha anaandika "The report says that is difficult to get water". "Ni" yetu haidai kiima chochote, ilhali Kiingereza hakikubali nafasi hiyo ibaki wazi, hata pasipo na wa kuijaza. Ndiyo maana kina "it" isiyorejelea kitu, ambayo kazi yake ni kukalia kiti tu: "The report says that it is difficult to get water". Ukijikuta unawaza "kwamba ni" na baada yake kuna kivumishi au kielezi, kama vile vigumu, muhimu, kweli au vyema, weka "that it is" bila kusita. Kanuni hiyo hiyo inahusu mwanzo wa sentensi, kwani "Is true that they came" ina pengo lile lile.

Kuzidisha ni tatizo kubwa zaidi, na hujitokeza hasa katika vishazi vya urejeshi. Sisi tunasema "wakulima ambao walipokea mbegu", ambapo "ambao" ipo na wa- ya kitenzi nayo ipo, na hakuna anayeona ziada yoyote. Mwandishi akihamisha mpangilio huo kama ulivyo, hupata "the farmers that they received seeds". Kwa Kiingereza, "that" hapo ndiyo kiima chenyewe, na "they" inakuwa mgeni aliyeketi juu ya mwenyeji. Vivyo hivyo kwa upande wa shamirisho: "mbegu tulizozipokea" ina zi- inayorudia mbegu, nayo huzaa "the seeds that we received them". Kwa miaka mingi nimewashauri waandishi wafanye jaribio moja: funika jina lililotangulia pamoja na "that", kisha usome kilichobaki. Ukipata sentensi kamili isiyokosa kitu, kama "they received seeds" au "we received them", umezidisha kiwakilishi. Kishazi cha urejeshi lazima kibaki na tundu, kwa sababu tundu hilo ndilo linalojazwa na jina lililotajwa kabla. Jaribio hili lisitumiwe baada ya vitenzi kama "say" au "know", maana huko kinachobaki lazima kiwe sentensi kamili: "I know that they received seeds".

Kuna swali ambalo huulizwa na wale waliokwisha kuvuka hatua hizo: ni lini "that" inaweza kuachwa? Walimu wengi hujibu kwamba ni hiari, jibu ambalo ni sahihi lakini halimsaidii mwandishi. Mwaka 1999 Douglas Biber na wenzake walichapisha sarufi kubwa iliyotokana na hazina ya maneno takriban milioni 40 ya Kiingereza kinachotumika, na mojawapo ya mambo waliyoyaonyesha ni kwamba "that" huachwa zaidi baada ya vitenzi vya kawaida kama "think" na "say", na pale ambapo kiima cha kishazi kinachofuata ni kiwakilishi. Walionyesha pia kwamba katika mazungumzo kuiacha ndilo jambo la kawaida, na katika maandishi ya kitaaluma kuibakiza ndiyo kawaida.

Sababu ya tabia hiyo naiona kila siku mezani pangu. Viwakilishi kama "I", "he", "she", "we" na "they" vina umbo la kiima lililo wazi. Msomaji akikutana na "they" anajua papo hapo kwamba kishazi kipya kimeanza. Majina hayana alama hiyo. Tazama sentensi hii: "The auditors found the money had been spent". Mpaka afike kwenye "had", msomaji anaamini kwamba wakaguzi wamezipata fedha, kisha analazimika kurudi nyuma. Ukiandika "The auditors found that the money had been spent", njia inanyooka. Kwa upande mwingine, "The auditors found they had been misled" haimpotezi mtu hata bila "that". Kwa hiyo katika ripoti mimi huibakiza "that" kila inapofuatwa na jina, hasa jina refu, na huiacha mbele ya kiwakilishi pale tu ambapo sauti ya andiko ni nyepesi. Baada ya vitenzi vizito kama "argue" na "reply", na baada ya majina kama "the fact" na "the claim", huibakiza daima. Katika urejeshi mambo ni rahisi zaidi: "the letter I wrote" inapendeza, lakini "the officer that signed" haiwezi kupoteza "that" yake, kwa kuwa ndiyo kiima na hakuna kingine.

Kiwakilishi kinaweza pia kuonekana pande zote mbili za "that", kila upande kwa umbo lake: "He told me that I had passed". Kabla yake ni "me", baada yake ni "I". Hapa Kiswahili kinasaidia, kwa sababu "tell" ina tabia ya -ambia, ambayo haiwezi kukaa bila mtu anayeambiwa, na "say" ina tabia ya -sema. Asiyethubutu kusema "aliambia kwamba" asiandike "he told that".

Wakati wa kitenzi nao unahitaji jicho. "Alisema kwamba anaumwa" huwa "She said that she was ill", kwa kuwa kitenzi cha kwanza kikiwa katika wakati uliopita huvuta cha pili kikifuate, isipokuwa jambo lenyewe likiwa bado ni kweli, kama katika "She said that she lives in Tanga". Na kwa kuwa a- haitofautishi mwanamke na mwanamume, hakikisha kiwakilishi ulichochagua kinamlingana mtu uliyekwisha kumtaja. Nimesoma ripoti ambamo mwenyekiti mmoja alibadilika kutoka "he" hadi "she" ndani ya aya moja.

Vitenzi vya kutaka na kudai vinastahili tahadhari ya mwisho. "Nataka aje" haiwi "I want that he comes". "Want" haipokei "that" kwa namna hiyo, bali hudai "I want him to come", na kiwakilishi huchukua umbo la shamirisho. Lakini "demand", "recommend" na "insist" huipokea, na kitenzi kinachofuata huvuliwa -s: "The board recommended that he resign". Wamarekani hushika sana umbo hili, huku Waingereza wengi wakipendelea "that he should resign". Wanafunzi wengi huliogopa wakidhani limekosewa, ilhali mzungumzaji wa Kiswahili ana ndugu yake nyumbani: ni ile -e ya "bodi ilipendekeza aondoke". Popote ambapo Kiswahili chako kingemalizia kitenzi kwa -e baada ya pendekezo au dai, andika kitenzi cha Kiingereza kikiwa kitupu, hata kama kiima chake ni "she" au "it".