Mkuu, hilo daftari usiliguse Jumatatu

Mkuu, acha kabisa. Umeandika kwamba wazee wako wa stoo wanaikwepa kompyuta, kwa hiyo Jumatatu unakusanya madaftari yote ili wakose pa kukimbilia. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na ada yake nimeilipa.

Nauza vifaa vya ujenzi. Stoo yuko mzee aliyeanza enzi za marehemu baba. Kijana aliyeniuzia programu akaniapia, "Bosi, ukiwaachia daftari hawajifunzi hawa." Akanisimamia nikayafungia kabatini, kisha akamgeukia mzee mbele ya makuli: "Mzee wangu, sasa ni zama za kubofya." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo maana siandiki hapa kwa jina langu.

Sasa sikia. Nondo tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande. Ile ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na ushee, kwa hiyo tani inatoa vipande 93 au 94. Mzee anaijua hesabu hiyo hata usingizini. Yule kijana akajaza 100, eti namba nzuri. Mzee akaona, akanyamaza. Mwezi ule niliingiza tani 20, kompyuta ikanionyesha nondo hewa zaidi ya 120! Nikapokea hela ya mteja kwa mzigo ambao haupo, nikakimbilia kwa jirani kuununua kwa bei ya rejareja. Na hapo nilishamfukuza kuli mmoja kwa wizi. Wizi wa nondo ambazo hazijawahi kuzaliwa.

Nikamuuliza mzee mbona hakusema. "Mwanangu, si mlisema ni zama za kubofya?"

Kijana wa programu? Kwenye simu hapatikani, anapatikana kwenye matangazo yake tu.

Daftari na kompyuta viende sambamba, jioni vilinganishwe, na daftari alifunge mwenye daftari. Siyo wewe! Kwangu ilichukua miezi minne. Katikati hapo nikagundua nusu ya "ubishi" wa mzee ni maandishi madogo, nikamnunulia miwani. Siku moja nikakuta kapiga mstari mwekundu chini ya ukurasa, kaandika "limefungwa", kasaini.

Yule kuli nilimfuata kwao Mbagala kumwomba radhi. Keshapata kazi, kwa jirani yule yule aliyeniuzia nondo.