Sindano haikuzuia mimba, naye asema mzigo ni wako

Dada yangu, mchumba wako anadai kwamba kwa kuwa wewe ndiwe uliyechomwa sindano ya miezi mitatu, mimba hii ni yako peke yako. Amekosea, tena sana. Kinga hiyo huteleza: katika matumizi ya kawaida, yenye kuchelewa kwa hapa na pale, wanawake wapatao 4 katika kila 100 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Hata kama kadi yako ya kliniki inaonyesha ulichelewa kurudi, yeye naye alijua mnakutana, na angeweza kuvaa kondomu.

Hapa Kenya, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, ambao wajibu wao ni sawa, wawe wameoana au la. Hakiulizi nani alizembea. Kwanza nenda kliniki, usidungwe sindano nyingine. Kisha zungumzeni mbele ya mtu mzima mnayemheshimu, mkiandika nani atalipia nini. Mtoto akizaliwa naye akaendelea kukataa, mwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Mahakama ya Watoto inaweza kuamuru vipimo vya DNA na matunzo.