Fundi anasema fremu itatobolewa baadaye. Ni sawa?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Moshi na nafanya kazi Himo. Naenda kwa baiskeli, natoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, na Jumapili napenda kupanda hadi Marangu. Nimeagiza mabomba ya chuma ya fremu kutoka Uingereza, yale membamba, na fundi mmoja hapa mjini amekubali kuniundia fremu ya kipimo changu. Nataka taa za dainamo ya habu, ile inayokaa katikati ya gurudumu la mbele na kuzalisha umeme linapozunguka. Yeye anasema tuunde fremu kwanza, tupige rangi, halafu waya tutazitobolea popote panapofaa. Pia ameniuzia taa ya pikipiki ya volti 12, anadai ina mwanga zaidi. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. La taa nalimaliza haraka. Dainamo ya habu inatoa volti 6, wati 3, basi. Taa ya pikipiki ya wati 35 inataka zaidi ya mara kumi ya hapo. Zile ndogo za LED nazo zimetengenezewa umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja. Wa dainamo unageuka mbele na nyuma, na ukiteremka kwa kasi bila kitu cha kuudhibiti, volti zinapanda mbali kupita 6. Nunua taa ya dainamo yenyewe. Ndani imeshawekewa vifaa vya kuunyoosha umeme huo, na nyingi zina kapasita inayobakiza mwanga dakika chache ukisimama. Na kama uliwaza kuchaji simu, sahau wakati wa kupanda Marangu. Chaja nyingi zinaanza kuchaji vizuri ukifika kama kilomita 15 kwa saa, na mlima ule unaujua.

Sasa hilo la "tutatoboa baadaye". Nimelisikia mpaka limenichosha, na chini yake kuna imani moja tu: chuma ni chuma. Kwamba kikishaungwa unaweza kukirudia na drili au mashine ya kuchomea siku yoyote, kama geti.

Mabomba ya aina uliyoagiza kwa kawaida ukuta wake ni milimita 0.8 kwenye ncha, panapoungwa, na katikati unapungua hadi 0.5. Hiyo ni kama unene wa kucha ya kidole gumba. Ndiyo sababu ya wepesi uliolipia. Ukitoboa tundu la duara kwenye ukuta unaovutwa, mkazo ukingoni mwa tundu unafika karibu mara tatu ya ule wa bomba lenyewe. Ongeza mikwaruzo inayoachwa na drili butu. Baiskeli haitakatika siku hiyo wala mwezi huo, na hapo ndipo fundi anapopata ujasiri wa kusema "nimetoboa nyingi, hazina shida". Chuma kinachoka polepole, shimo moja la barabara baada ya jingine, na mteja anapokatikiwa njiani harudi kwa aliyetoboa. Anakuja kwangu.

Kuna kipande cha bomba nimekitundika ukutani hapa karakana Arusha. Mwenyewe aliniletea fremu akilalamika kwamba usukani unayumba. Sikuona kitu. Nikapitisha kucha chini ya bomba la chini, vidole vitatu kutoka kichwa cha fremu, pale shingo ya usukani inapopita, ikakwama. Rangi ilikuwa imevimba kidogo kuzunguka tundu la waya. Nilipoikwangua, ufa ulikuwa umetoka pande zote mbili za tundu na kuzunguka karibu nusu ya bomba, mwembamba kama unywele. Nilipolikata, ndani kulitoka maji ya kutu rangi ya chai ya rangi. Masika yote maji yalikuwa yanaingia kwa tundu lile lile na hayana pa kutokea. Aliyetoboa alichagua hapo kwa sababu "waya inakuwa fupi". Hapo nyuma ya kichwa ndipo kila kishindo cha gurudumu la mbele kinapoishia.

Kwa hiyo habu na taa vinanunuliwa kabla gesi haijawashwa. Uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, unaundwa kufuata habu: upana wa kawaida ni milimita 100, lakini ekseli ya nati na ekseli nene ya kupitisha hazikai kwenye uma mmoja. Umeme wa habu kwa kawaida unatokea upande wa kulia, na kama utaweka breki ya kisahani, kisahani kiko kushoto. Basi waya ipande mguu wa kulia wa uma. Taa ya mbele ikae juu ya uma au kwenye keria ya mbele. Chini namna hiyo mashimo yanatupa kivuli unakiona mapema. Mwambie fundi aunge kishikio chake kabisa. Ya nyuma ifungwe kwenye keria, bamba litobolewe matundu mawili yaliyoachana milimita 50. Hilo ni bamba la keria, atoboe anavyotaka.

Waya ya kwenda nyuma mimi ningeipitisha nje, chini ya bomba, kwa vishikio vidogo vilivyoungwa kwa brasi, ile shaba ya njano inayoyeyushwa kwa gesi. Si maridadi, najua. Ikikatika Himo saa mbili usiku utaiona ilipokatika. Ukitaka ndani lazima, fundi aweke kimrija kinachoingia mahali pamoja na kutokea pengine, kikiwa kimeungwa ncha zote mbili, na matundu yakae ubavuni mwa bomba, si juu wala chini. Yote hayo kabla ya rangi. Na nyaya ziwe mbili. Ule mtindo wa Phoenix za zamani, waya moja na fremu irudishe umeme, unakufa kila rangi au kutu inapoingia kati.

Ambalo hukuuliza, ila nawaandikia na wengine: muulize ataunga na nini. Wachomeaji wa mageti Moshi na Arusha ni mafundi hasa, kwenye mageti. Brasi inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 900 na chuma kinabaki kigumu. Mashine ya umeme na rodi inayeyusha chuma chenyewe, kwenye kama 1,500, na ukuta usiofika milimita moja unatoboka kabla hajanyanyua mkono. Akishatoboa anajaza, akishajaza anapiga grainda, akishapiga grainda anapaka rangi, na wewe unaona kiungo laini kizuri. Kabla hujamkabidhi mabomba, mwombe aunge vipande viwili vya mabaki ya bomba jembamba mbele yako, kisha avikate katikati. Brasi iwe imeingia kiungo kizima mpaka ndani. Akikataa kukata, chukua mabomba yako.