Simu kwanza: kwa wadogo zangu mnaokwenda Washington

Wadogo zangu mliochaguliwa mwaka huu kwenda Marekani na Washington Ireland Program, programu inayowapeleka vijana wa Ireland kujifunza kazi Washington, hongereni sana. Najua baadhi yenu wazazi wenu ni kama wangu: walihamia Ireland kutoka Kenya au Kongo, na Kiswahili bado ndiyo lugha ya jikoni. Ndiyo maana nawaandikia hivi.

Wengi huenda huku wakimfikiria Leo Varadkar. Alipitia Washington Ireland Program mwaka 2000 akiwa mwanafunzi, na mwaka 2017 akawa Waziri Mkuu wa Ireland. Lakini siku yako ya kwanza kwenye ofisi ya mbunge wa Marekani utakabidhiwa simu.

Iheshimu simu hiyo. Anayepiga ni mwananchi wa jimbo la mbunge, pengine yuko mbali mno na Washington, na ofisi hiyo ndiyo tegemeo lake la mwisho. Wiki ya kwanza mama mmoja alizungumza nami dakika ishirini, nikaandika, "Anapinga muswada." Msimamizi wangu alinirudishia karatasi, akauliza, "Yeye ndiye aliyesema hivyo, au ni wewe?" Yule mama alikuwa amesema anaogopa mwanawe atakosa dawa ya kisukari. Nikaandika upya. Kwa hiyo andika kwanza maneno ya mpigaji, muhtasari baadaye. Anayelia usimkatize. Na usiahidi kitu ambacho mbunge hajaahidi, hata ukimwonea huruma kiasi gani.

(Vaeni viatu vya kutembea. Majengo ya Bunge yameunganishwa kwa njia za chini ya ardhi, na mtatumwa kutwa nzima.)

Kazi kubwa zaidi inakusubiri nyumbani kwa familia itakayokupokea. Programu hii ilianza 1995, mwaka mmoja baada ya vikundi vyenye silaha vya Ireland ya Kaskazini kusitisha mapigano, na inawakutanisha vijana wa Kaskazini na wa Jamhuri, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Kule Kaskazini watoto wengi bado husoma shule tofauti kwa tofauti hiyo.

Mimi wa Dublin nilitaja "Derry" tukiwa mezani. Mwenzangu wa chumba akaweka uma chini, kimya. Kwao, Waprotestanti wa Kaskazini, mji huo ni Londonderry; Derry ni jina linalotumiwa zaidi na Wakatoliki. Nilikuwa nimejiona sina upande, mtoto wa wahamiaji, vita hivyo havinihusu. Kumbe neno moja tu lilishanipanga. Sikujitetea. Nilimwomba anisimulie kwao kulikuwaje, tukakesha mpaka saa saba usiku. Babu yake alikuwa polisi. Kila asubuhi, kabla ya kumpeleka binti yake shule, alipiga magoti na kioo mkononi kukagua kama kuna bomu chini ya gari. Binti huyo ndiye mama wa mwenzangu, na mpaka leo huwa anainama kidogo kabla ya kufungua mlango wa gari.

Basi mkigawiwa vyumba, ukapewa mtu usiyemwelewa, usiombe kubadilishiwa.