Kuchagua Gitaa la Besi na Amplifaya: Ushauri kwa Mpigaji Anayeanza Dodoma

Kijana anayejiunga na kwaya au bendi hapa Dodoma na kukabidhiwa besi huanza kwa kuulizia bei ya gitaa, kisha fedha inayobaki ndiyo huitafutia amplifaya. Kwa uzoefu wangu, utaratibu huo ugeuzwe. Gitaa la bei ya wastani likipitia amplifaya na spika zinazoimudu besi litakufaa kwa miaka mingi, lakini gitaa la kifahari likichomekwa kwenye spika dhaifu, hakuna atakayejua kwamba ni la kifahari.

Sababu yake ni ya kifizikia. Uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne, yaani E, hutoa mitetemo 41 hivi kwa sekunde, na katika gitaa la nyuzi tano uzi wa B hushuka hadi karibu 31. Ili sauti hiyo ifike ukumbini, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi, na ndiyo maana spika za besi huwa za inchi 10, 12 au 15, tena ndani ya kabati lililojengwa kwa kazi hiyo. Usikubali kuchomeka besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo na kuipandisha sauti kwa nguvu, kwa kuwa karatasi ya spika ile haikutengenezwa kwa msukumo huo na huchanika.

Wengi hulinganisha amplifaya kwa wati peke yake. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulisikia kwa shida. Mara nyingi kuongeza kabati la pili husaidia zaidi. Ila soma kwanza ohimu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa nyuma: makabati mawili ya ohimu 8 yakiunganishwa sambamba huwa mzigo wa ohimu 4, na kama amplifaya haikuruhusiwa kushuka hapo, utaiunguza.

Namna ya kujaribu ndiyo inayowapotosha wengi. Dukani mtu hukaa peke yake, huongeza besi na trebo (sauti za juu), hupunguza sauti za kati, akapata mlio mtamu sana. Mlio huohuo, kinanda na ngoma vikianza kulia na waimbaji thelathini wakipaza sauti chini ya paa la bati, humezwa wote, na mpigaji hubaki akiongeza sauti bila mafanikio. Jaribu vifaa pamoja na wenzako, katika ukumbi mtakaoutumia, kwa sauti mtakayoitumia, vitufe vyote vikiwa katikati. Na unapolinganisha magitaa mawili, tumia amplifaya ileile na waya uleule, vinginevyo hujui unasikia tofauti ya nini. Mwombe mwenzako apige, nawe usimame mlangoni usikilize kama kila noti inatambulika.

Kuhusu magitaa yenyewe, karibu yote utakayoyaona yanafuata mifano miwili ya kampuni ya Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. Precision ina mlio mzito, wa katikati, unaokaa vizuri chini ya kwaya. Jazz ina shingo nyembamba zaidi upande wa kichwa cha gitaa, pikapu mbili (vinasa mtetemo wa nyuzi) na mlio mkali unaoeleza kila kidole. Kwa anayeanza, mimi huchagua Precision au gitaa la kampuni nyingine lenye umbo hilo, kwa sababu halidai marekebisho mengi. Magitaa yenye betri ya volti 9 ni mazuri pia, mradi uchomoe waya ukimaliza, maana waya ukibaki umechomekwa betri huisha.

Kabla ya kulipa, bonyeza uzi mwembamba wa G, freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) moja baada ya nyingine, na uache kila noti ilie hadi mwisho. Katika magitaa mengi kuna noti moja, kwa kawaida kati ya freti ya 5 na ya 7, inayokufa mapema. Ikifa ghafla mno, chukua jingine. Kisha pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo. Kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, mbao husinyaa, na ncha za freti hujitokeza zikachoma ngozi. Fundi huzipiga tupa, jambo dogo linalostahili kupunguziwa bei. Shingo ikipinda, chuma cha ndani hurekebishwa robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi, kisha gitaa liachwe hadi kesho yake lipimwe tena. Vumbi nalo huingia kwenye vitufe vya sauti hadi vikakwaruza, kwa hiyo mkoba wenye zipu nzima usiuone kuwa anasa.

Mwisho, tazama nyuma ya amplifaya kama imeandikwa volti 230. Mtumba uliotoka Marekani mara nyingi ni wa volti 120, na ukiuchomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu utaungua, kwa hiyo ongeza gharama ya transfoma kwenye hesabu yako kabla hujakubaliana na muuzaji.