Usikubali waya wa sensa ya maji uunganishwe

Mkuu, usimruhusu fundi huyo auguse waya wa sensa. Umeandika kwamba taa nyekundu ya maji kwenye Volkswagen Golf yako ya mwaka 2002 huwaka asubuhi injini ikiwa baridi na huzimika ukishaendesha kwa muda, kwamba fundi amesema sensa imekufa na dawa yake ni kuziunganisha nyaya zake mbili, na kwamba mwisho wa wiki unataka kulipeleka gari hilo Mbeya kutoka Dar es Salaam. Umeuliza pia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ya rangi gani inafaa, na kama rejeta ya mtumba ni nafuu kuliko kuziba uliyonayo. Nitaanza na waya, kwa kuwa hapo ndipo injini yako itakapopona au kufa.

Sensa iliyokufa haiwezi kujua tofauti ya asubuhi na mchana. Kwenye gari lako sensa hiyo ni vipini viwili vya chuma vilivyo ndani ya tangi la akiba, na umeme mdogo hupita kutoka kimoja hadi kingine kupitia maji yenyewe. Maji yakishuka chini ya vipini, njia ya umeme hukatika na taa huwaka. Kulanti ikipata joto hutanuka, kiwango hupanda, vipini hufunikwa tena na taa huzimika. Usiku husinyaa, na asubuhi onyo hurudi. Dalili ulizozieleza ni za sensa nzima inayokwambia kwamba maji yanapotea kidogo kidogo. Kweli, vipini vikishika uchafu huweza kutoa onyo la uongo, lakini hilo unalithibitisha kwa macho: gari likiwa limepoa, kiwango kitakuwa kati ya alama mbili za tangi na taa bado inawaka.

Fundi aliyenishauri mimi alisema maneno hayo hayo uliyoambiwa. Alikata nyaya, akazisokota pamoja, akazifunga kwa utepe mweusi, akajaza tangi kwa maji ya bomba, akaniambia safari njema, nami nikakubali. Taa haikuwaka tena, na palipovuja hapakuguswa. Gari lilienda vizuri hadi Morogoro na kuvuka Mikumi, kwa sababu injini isiyobeba kazi nzito huweza kuuvumilia upungufu wa maji kwa muda. Kisha tukafika Kitonga, ambako barabara hupanda kwa kona kali nyuma ya malori yanayotambaa, injini ikifanya kazi nzito huku upepo unaoingia kwenye rejeta ukiwa mdogo. Sindano ya joto ilibaki kwenye 90. Dalili ya kwanza niliyoiona ilikuwa gari kupoteza nguvu, ya pili ilikuwa mvuke chini ya boneti, na kufikia hapo madhara yalikwisha kutokea: silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ambayo ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda, gasketi yake imeungua, na oili imechanganyika na maji hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Nililipia kuvutwa hadi Iringa, kushushwa kwa hedi, kusawazishwa kwake kwenye mashine, gasketi mpya, boliti mpya za hedi, kwa kuwa za injini hiyo hazifai kurudiwa zikishafunguliwa, pamoja na oili ya kusafishia na oili ya kutumia. Chanzo cha yote kilikuwa ufa kwenye kiungo cha plastiki ambacho bei yake haifikii bei ya kujaza tangi la petroli.

Najua utasema utakuwa unaiangalia sindano. Sindano hiyo haitakusaidia. Sensa ya joto hupima kile kinachoigusa. Maji yakiondoka ikabaki hewa, usomaji wake hauna maana tena. Isitoshe, dashibodi ya Golf za kizazi hicho huishikilia sindano kwenye 90 katika masafa mapana ya joto ili dereva asihangaishwe na mabadiliko madogo, kwa hiyo inaweza kutulia hapo ilhali maji yamepita nyuzi 100. Na ufa haupotezi maji peke yake, bali hupoteza presha pia. Mfumo uliofungwa vizuri, wenye presha ya bar 1 zaidi ya ile ya hewa, huyazuia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Presha ikitoroka, yatachemka kwenye 100, na kwenye miinuko ya Iringa chini ya hapo.

Kinachoniuma ni kwamba fundi yule hakukosa ujuzi. Alijua tangi lilikuwa limepungua, kwa maana alilijaza yeye mwenyewe. Alichagua kuizima taa kwa sababu kuizima ni kazi ya dakika chache inayolipwa papo hapo, na kutafuta uvujaji kunahitaji subira. Mtu wa namna hiyo hapaswi kukabidhiwa gari la abiria.

Kabla ya kununua chochote, hata hiyo rejeta ya mtumba, pima presha ya mfumo gari likiwa baridi. Tafuta gereji yenye pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa tangi la akiba, ijazwe hadi karibu bar 1, kisha isiguswe kwa robo saa. Mshale wa pampu ukishuka, maji yanatoka mahali, na usiondoke mpaka mahali hapo paonekane. Anza na kile kiungo cha plastiki kilichofungwa pembeni ya silinda hedi, ambako hosi na sensa ya joto hukutana. Kikivuja, maji hudondokea juu ya giaboksi yenye moto na kukauka, ndiyo maana huoni tone hata moja sakafuni. Tafuta ukoko mweupe au wa pinki. Shika zulia la upande wa abiria kama lina unyevu. Ikiwa nje kote ni pakavu na mshale bado unashuka, huenda maji yanaingia ndani ya injini: fungua plagi uone kama kuna iliyolowa, au waombe wapime gesi ya injini ndani ya tangi kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano. Mfuniko wa tangi nao upimwe.

Usijaze maji ya kisima cha Dar, mengi yana chumvi. Gari lako lilitoka kiwandani na kulanti ya pinki, na ukichanganya humo ile ya kijani ya zamani unaweza kupata tope la kahawia linaloziba njia za rejeta.

Mbeya nenda kwa basi mpaka mshale huo utulie. Leo jioni gari likishapoa kabisa, chora alama kwa kalamu kwenye tangi usawa wa maji yalipo, kisha kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, piga picha alama hiyo na kile kiungo cha plastiki, uziweke hapa.