Rolls-Royce ya magari siyo ile ya injini za ndege

Kuna mkuu kauliza kama injini za Rolls-Royce kwenye ndege za Dreamliner za Air Tanzania zinatengenezwa na hao hao wa magari. Hapana mkuu, siyo wao. Jina moja, kampuni mbili. Zilikuwa pamoja hadi 1971, gharama za kuunda injini ya RB211, ya ndege ya Lockheed TriStar, zilipoifilisi kampuni nzima. Serikali ya Uingereza ikataifisha upande wa injini, na magari yakatengwa 1973.

Utamu uko 1998. Vickers, waliokuwa wakimiliki upande wa magari, waliuuza kwa Volkswagen kwa pauni milioni 430. Volkswagen wakapata kiwanda cha magari hayo mjini Crewe, Uingereza, chapa ya Bentley, hata kile kisanamu cha mwanamke juu ya boneti. Jina lenyewe hawakulipata! Lilikuwa mali ya watu wa injini, nao wakawapa BMW haki ya kulitumia kwa pauni milioni 40. Yaani umenunua nyumba, hati iko kwa jirani. Wakaelewana: Volkswagen abaki na Bentley, na kuanzia Januari 2003 Rolls-Royce iwe ya BMW, ikiundwa Goodwood, kusini mwa Uingereza.

Kwa hiyo anayesema kwamba Rolls-Royce ni "gari la Mjerumani" hajakosea kwa umiliki, ila linaundwa kwa Mwingereza. Nawafuatilia sana hawa, na hata Rolls-Royce Silver Seraph ya 1998, iliyoundwa Crewe, fungua boneti ukutane na injini ya V12 (silinda 12) ya BMW.